Swali la Mtoto na Jibu la Mwalimu

Kuuliza si ujinga. Maneno haya twayaandika ubaoni, twayasomesha kwa sauti, nao watoto huyaitikia kwa pamoja kama wimbo. Lakini asimamapo mtoto mmoja na swali lake mwenyewe, ambalo halimo kitabuni wala katika somo la siku ile, mara nyingi twamfanya aone kwamba kuuliza ni ujinga kweli, tena ujinga wenye fedheha. Katika ukurasa huu twapenda kupima kazi moja fupi iliyoandikwa juu ya jambo hili, kisha tujipime wenyewe kwayo, sisi tufundishao watoto wadogo hapa Buzuruga na pande zote za Mwanza.

Kazi hiyo ni makala iliyotoka mwaka 1969 katika gazeti la walimu wa fizikia la Uingereza liitwalo Physics Education. Jina la makala ni neno moja na alama ya kuuliza, Cool?, yaani ni kama kuuliza, Je, ni baridi? Waandishi wake ni wawili. Wa kwanza ni Erasto Mpemba, ambaye wakati ule alikuwa akisoma katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Wa pili ni Daktari Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wetu twalijua jina la Mpemba. Ni wachache walioisoma kazi yenyewe, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza na katika gazeti lisilofika shuleni kwetu. Basi na tuieleze kwanza, ndipo tuihukumu.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa chache. Mwenzake mmoja aliona kwamba akichemsha atachelewa, akayatia maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama, wakaona maziwa ya Mpemba yameganda, na ya mwenzake yangali uji mzito. Kijana akamwendea mwalimu wake wa fizikia akamwuliza sababu. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, maana jambo kama hilo haliwezekani.

Mpemba aliliamini jibu lile kwa muda. Baadaye, wakati wa likizo, akakutana na rafiki yake auzaye aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba desturi yake ni kutia maziwa yangali moto ili yagande upesi. Swali likafufuka. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamrudishia hoja za kitabu. Naye aliposhikilia aliyoyaona kwa macho yake, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala siyo fizikia ya ulimwengu. Tangu siku ile, kila alipokosea hesabu au jambo lolote, darasa zima lilimtania kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha Daktari Osborne akaja Mkwawa kutoa hotuba, na mwishoni akakaribisha maswali. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vya maji ya kadiri moja, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, ukaviweka pamoja mahali pa kugandisha, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, ni kwa nini? Wanafunzi wenzake wakamcheka, na wengine wakamlaumu kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni. Lakini mgeni hakucheka. Alimwuliza kama amelijaribu jambo lile mwenyewe. Aliposikia kwamba amelijaribu, akakiri kwamba hajui sababu yake, akaahidi kulipima atakaporudi Dar es Salaam. Naye akatimiza ahadi.

Hiyo ndiyo habari. Sasa tuseme uzuri wake na upungufu wake.

Uzuri wa kwanza ni mpango wake. Nusu ya mbele ya makala inasimuliwa na kijana mwenyewe, kwa maneno mepesi, kuhusu maziwa na jokofu na kicheko cha wenzake. Daktari anafuata nyuma na vipimo vyake. Ingalikuwa rahisi kwa msomi yule kuandika peke yake na kumtaja mwanafunzi mara moja katika neno la shukrani. Wengi wangalifanya hivyo. Yeye alimpa mwenye swali kiti cha mbele.

Uzuri wa pili ni kwamba makala haifichi udhaifu wa watu wazima. Osborne aeleza kwamba hata yeye alidhani kijana amekosea. Tena aeleza habari ya fundi wa maabara aliyepewa kazi ya kujaribu: fundi alirudi akasema kwamba maji ya moto yametangulia kuganda kweli, lakini kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Msomaji hucheka hapo, nasi tulicheka. Lakini tulipokwisha kucheka tuliona kwamba fundi yule ni sisi. Ni mara ngapi tumemwuliza mtoto ameona nini, na alipojibu tusilotaka tukamwambia, Tazama tena?

Upungufu wake ni huu: makala haitoi sababu ya mwisho. Waandishi walijaribu njia mbalimbali, hata kufunika maji kwa mafuta juu, wakaona maji yale yakachelewa sana kuganda, nao wakahisi kwamba sehemu kubwa ya joto hutokea usoni pa maji. Walakini hawakusema kwamba wamemaliza. Wengine wataliona hilo kuwa kosa. Sisi twaliona kuwa sehemu ya uaminifu wao.

Kosa kubwa zaidi si la waandishi bali ni letu, katika namna tunavyoisimulia habari hii. Twaisimulia kama sifa: Mtanzania mwenzetu amegundua jambo kubwa, nalo limeitwa kwa jina lake duniani kote. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini tukiishia hapo tumeacha kiini. Maana wataalamu hawajapatana mpaka leo. Mwaka 2016 Burridge na Linden, wasomi wa Uingereza, walitangaza kwamba walipima kwa uangalifu wasione ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia kupoa, na kwamba hata kuinua au kushusha kipimajoto kidogo ndani ya chombo kwaweza kupotosha matokeo. Mwaka 2020 huko Kanada, Kumar na Bechhoefer nao walionyesha kwamba jambo la namna hiyo laweza kutokea katika chembe ndogo sana zilizomo majini, zikipangiwa hali maalumu. Basi mwenye kuisimulia habari hii kama ushindi tu atafadhaika akisikia mabishano haya, kana kwamba kijana amenyang'anywa tuzo. Hakunyang'anywa kitu. Heshima yake haikukaa katika barafu. Ilikaa katika kuona, kuuliza, kujaribu, na kuuliza tena baada ya kuchekwa. Na heshima ya Osborne haikukaa katika kujua, maana hakujua; ilikaa katika kukiri na kutimiza ahadi.

Hapa mtu aweza kusema kwamba Mpemba alikuwa kijana wa sekondari, na sisi twafundisha watoto wa miaka saba na minane, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kijana yule alichekwa akaweza kustahimili. Mtoto mdogo hastahimili. Akichekwa mara moja hufunga mlango, wala huenda asiufungue tena. Wanaofika sekondari hali wangali na maswali ni wale tu ambao sisi wa madarasa ya chini hatukuwazima.

Nasi tunao waulizao, maana nchi yetu hii imejaa mambo ya kuulizwa. Mtoto wa Buzuruga akitoka nje huona milima ya mawe, jiwe juu ya jiwe, mengine yamekaa ukingoni kana kwamba yataanguka kesho. Akishuka mjini huliona jiwe la Bismarck limesimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Huuliza nani aliyeyapanga. Siku nyingine huona ziwani wingu jeusi limeinuka kama moshi wa nyumba iungayo, na jioni taa za nyumbani hujaa wadudu wadogo. Huuliza moshi ule hugeukaje kuwa wadudu.

Majibu yetu tumeyasikiliza kwa muda, yetu na ya wenzetu, nasi twaona kwamba mabaya yake ni ya namna tatu. La kwanza ni kunyamazisha: Kaa chini, hilo utalisoma darasa la sita. La pili ni jina tupu. Mtoto auliza kwa nini mawe yamekaa vile, nasi twamwambia kwamba hayo ni matale. Sasa ana neno jipya, lakini hana jibu, na ubaya ni kwamba yeye mwenyewe hudhani kwamba amejibiwa. La tatu ni kusema kwamba Mungu amependa. Neno hili kwetu ni la kweli, wala hatulikani. Lakini mtoto hakuuliza nani. Ameuliza namna gani. Kumjibu la kwanza alipouliza la pili ni kulitumia jina takatifu kama kifuniko cha chungu ambacho hatutaki kifunuliwe.

Jibu jema halina lazima liwe refu. Kuhusu mawe twaweza kusema: mwamba huu ulikuwa chini ya ardhi, nao una nyufa, maji yakapenya katika nyufa kwa miaka mingi isiyohesabika, yakaulainisha mwamba pembeni, ukawa mchanga na udongo, kisha mvua ikauchukua udongo, yakabaki mawe magumu ya katikati, yamekaa palepale yalipokuwa. Hakuna aliyeyapandisha, ni ardhi iliyoshuka. Kisha tuwapeleke wawatazame wavunja kokoto, jinsi wawashavyo moto juu ya jiwe kubwa mpaka likapasuka tabaka, ili waone kwamba hata jiwe hushindwa na joto. Kuhusu wingu la ziwani twaweza kusema: si moshi kamwe, ni wadudu wenyewe. Mayai yao hutagwa majini, watoto wao hukaa topeni chini ya ziwa, kisha hutoka pamoja kwa wingi, na wengine wao hutoka zaidi mwezi unapoandama. Hawaumi kama mbu, nao maisha yao hewani ni mafupi. Kisha tuwape watoto kazi: kila mlionapo wingu, tazameni mwezi usiku ule, mje mtuambie.

Sasa hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe, maana asiyejihukumu hana haki ya kuwahukumu wengine.

Katika darasa la pili tulikuwa na mtoto mmoja ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa, atokaye jioni na taa na kurudi alfajiri. Siku moja, katikati ya somo la kuhesabu, mtoto huyo alisimama akasema: Mwalimu, upepo wa ziwani usiku hulala wapi? Wenzake wakaangua kicheko, kwa kuwa upepo haulali. Nasi, twaona haya kusema, tulicheka pamoja nao. Tukamwambia aketi ahesabu. Akaketi. Hatukumsikia akiuliza neno tena muhula ule wote.

Ni baadaye, tulipoisoma makala ile ya 1969 na kufika mahali pa kicheko, ndipo tulipomkumbuka. Tukalitafakari swali lake, tukaona kwamba halikuwa la kipumbavu hata kidogo. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku huo wa ziwani hutulia, na mwingine huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kila mvuvi ajua hivyo. Sababu ni kwamba jua huipasha nchi kavu moto upesi kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kushika mahali pake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake, na mambo hugeuka. Na kwa kuwa ziwa letu ni pana, zaidi ya kilometa za mraba 68,000, pepo za usiku zitokazo pande zote hukutana juu yake, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo maana dhoruba za nchi kavu huja hasa alasiri, na za ziwani huja usiku, wakati wavuvi wa dagaa wako majini. Mtoto yule hakuwa akicheza na maneno. Alikuwa akiuliza habari za baba yake.

Tukaazimu kutengeneza tulichoharibu. Tulileta mabeseni mawili, moja la mchanga mkavu na moja la maji, tukayaweka juani tangu asubuhi. Saa sita tukawaita watoto watie mikono. Mchanga uliwaunguza, maji yalikuwa baridi, wakafurahi sana. Kisha tukawaomba wafanye hivyo nyumbani, na baada ya kuingia giza waguse tena, wakaone kama mchanga umekuwa baridi kuliko maji.

Kesho yake wengi walisema kinyume: maji yalikuwa baridi zaidi. Hapo, wasomaji wapenzi, tulikuwa karibu kabisa kusema, Mmekosea, rudieni. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Tukamkumbuka fundi wa Osborne, tukalimeza. Tukawaambia watoto kweli: Sisi tulitazamia jibu jingine, hatujui bado kwa nini mmepata hili, tufikiri pamoja.

Kukawa kimya. Ndipo mtoto wa mvuvi akasema, bila kusimama, kwamba akienda na mama yake kumpokea baba alfajiri, mchanga wa pwani huwa baridi miguuni, lakini akikanyaga majini, maji huwa na uvuguvugu. Hili ndilo tulilolitafuta. Tukaona kosa la jaribio letu: beseni ni dogo, maji yake ni kidogo, nayo hupoa upesi kwa kutoa mvuke, ziwa ni kubwa, halipozwi kwa usiku mmoja. Beseni lilitudanganya kwa kuwa tulilifanya lisimame badala ya ziwa. Aliyetusahihisha ni yule tuliyemcheka.

Hatutaki kuipamba habari hii. Mtoto yule siku ile alijibu, hakuuliza. Hajauliza swali lake mwenyewe tena mpaka tunapoandika haya, nasi twangoja. Huenda atauliza, huenda alikwisha kujifunza kwetu somo ambalo hatukukusudia kumfundisha.

Wenzetu watasema: darasa lina watoto wengi, maabara hatuna, na mtihani hauulizi upepo hulala wapi. Yote hayo ni kweli. Lakini Mpemba alianza na maziwa na nafasi katika jokofu, na beseni la mchanga halina bei. Kuhusu wakati, twajaribu sasa njia hii: swali lisilo la somo la siku twaliandika katika daftari moja lililowekwa mezani, pamoja na jina la mtoto, na siku ya Ijumaa twachagua moja. Tukijua, twajibu. Tusipojua, twasema hatujui, na twaandika tutakavyojaribu. Daftari halina makuu, ila lina faida mbili: mtoto huona swali lake limeandikwa kwa mkono wa mwalimu, na mwalimu hawezi kujifanya kwamba hakuulizwa.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu waitafute makala ya Mpemba na Osborne, na ajuaye Kiingereza awasomee wenzake kwa Kiswahili. Wasiisome ili wajivune, wala ili wajue maji yapi hutangulia kuganda. Waisome ili kila mmoja ajiulize yeye ni yupi katika habari ile: ni mwalimu wa kwanza, au wa pili, au fundi, au mgeni aliyesema hajui. Sisi tulijikuta katika watatu wa mbele kabla ya kumfikia wa nne.